Maji Yakikatwa, Haki ya Maji Huenda Wapi?

Fundi mmoja wa mabomba anayeishi Kaptembwa, Nakuru, ameniandikia hivi: "Wakili, mimi hupewa kandarasi ya kukata maji katika nyumba ambazo hazijalipa bili. Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Majuzi alikuwa akisoma Katiba akaniuliza: ikiwa maji ni haki ya kila mtu, na haki za binadamu haziwezi kuondolewa, baba, wewe unakata nini? Nilikosa jibu. Je, ni kweli kuna haki zisizoweza kuondolewa? Na maji, chakula na makao ni haki kweli, au ni maneno matamu tu? Tena ningependa kujua kama mimi mwenyewe ninavunja sheria."

Ndugu fundi, nianze na jibu fupi. Haki ya maji ipo kisheria. Haiondoki maji yanapokatwa. Na hata hivyo kuna hali ambazo sheria inaruhusu mfereji ufungwe. Kauli hizo tatu zitaonekana kupingana mradi tu tunachukulia kwamba haki isiyoweza kuondolewa ni sawa na haki isiyo na mipaka. Haki isiyoweza kuondolewa ni ile ambayo mwenyewe hawezi kuiuza wala kuisalimisha, na ambayo serikali haina uwezo wa kumfuta katika idadi ya wenye kuidai. Haki isiyo na mipaka ni ile isiyopunguzwa kwa sababu yoyote, hata wakati wa vita au maradhi. Haki zilizomo katika Sura ya Nne ya Katiba yetu ni za aina ya kwanza. Za aina ya pili ni chache mno.

Kijana wako akifungua Kifungu cha 19 atakuta imeandikwa kwamba haki hizo ni za kila mtu na kwamba hazitolewi na Serikali. Akiendelea hadi Kifungu cha 24 atakuta kwamba haki inaweza kuwekewa mipaka, mradi mipaka hiyo iwe imewekwa na sheria, iwe ya busara, na iweze kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Kisha Kifungu cha 25 kinataja mambo manne ambayo hayawekewi mipaka kamwe: kutoteswa wala kutendewa ukatili au udhalilishaji, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na amri ya mahakama ya kumtaka anayemzuia mtu amlete mbele yake. Wanafunzi wangu hushangaa kwamba haki ya kuishi haimo katika orodha hiyo. Haimo kwa sababu Kifungu cha 26 chenyewe kinakubali kwamba sheria inaweza kuruhusu uhai uondolewe. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji, ila haikuifuta adhabu yenyewe. Ikiwa hata uhai una mipaka, basi kuwapo kwa mipaka pekee hakuwezi kuwa ushahidi kwamba maji si haki.

Mfano ulio wazi zaidi wa tofauti hii ni mfungwa. Mtu aliyefungwa katika gereza la Kodiaga, hapa Kisumu, amenyang'anywa uhuru wa kutembea kwa mujibu wa sheria, lakini Kifungu cha 51 kinasema kwamba anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo kwa dhahiri haziwezi kwenda pamoja na kuwa kizuizini. Chakula chake, matibabu yake na heshima yake havikukatwa pamoja na uhuru wake. Hakuvipata kama zawadi ya tabia njema, na hawezi kuvipoteza kwa tabia mbaya.

Kuhusu kuisalimisha haki kwa hiari, tazama mashamba ya maua ya Naivasha, katika kaunti yako. Tuseme mwanamke anayetafuta kazi amewekewa karatasi mbele yake inayosema kwamba akipata mimba hatadai likizo ya uzazi, naye kwa sababu ya njaa akaitia sahihi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na inaeleza kwamba masharti yaliyomo ni ya kiwango cha chini na kwamba mapatano yoyote ya kuyaacha au kuyapunguza ni batili. Sahihi yake haina nguvu. Wapo wanaolalamika kwamba huku ni kumnyima mtu mzima uhuru wa kuamua mambo yake. Mimi naona ni kinyume chake: mwenye shida ndiye wa kwanza kushawishiwa auze kinga yake, na kinga inayoweza kununuliwa na mwenye nguvu humlinda yule tu ambaye tangu mwanzo hakuihitaji.

Swali gumu zaidi ni hili: ikiwa Serikali haikuzitoa haki hizi, zilitoka wapi? Kuna waliodhihaki wazo lenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham alishikilia kwamba haki ni zao la sheria, na kwamba kuzungumza kuhusu haki zilizotangulia sheria ni upuuzi. Hoja yake si ya kupuuzwa, maana mtu aliyenyang'anywa kila kitu hafaidiki sana kuambiwa kwamba haki yake ingali hai. Lakini ukiifuata hadi mwisho, utalazimika kusema kwamba watu waliokusanyika Lundha, Gem, tarehe 23 Desemba 1921, katika mkutano ulioanzisha Piny Owacho, vuguvugu la kupinga dhuluma za ukoloni, walikuwa wakidai kitu ambacho hakikuwapo. Sheria ya wakati ule ilikuwa dhidi yao. Kipande, ile hati ambayo Mwafrika alilazimishwa kuibeba, kilikuwa sheria, kodi ambayo serikali ya kikoloni ilitoza kila nyumba ilikuwa sheria, na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni mwaka 1920, jambo lililowatia hofu kuhusu ardhi yao, kulikuwa sheria vilevile. Wao hawakuomba huruma ya gavana. Walisema kwamba wanatendewa isivyo haki, na wote waliowasikia, hata waliowapinga, walielewa maana ya usemi huo. Kwangu hilo latosha kuonyesha kwamba haki inaweza kuwapo kabla ya sheria kuitambua, na kwamba kazi ya sheria ni kuipatia mahali pa kudaiwa.

Sasa nije kwenye mahitaji ya msingi, ambapo ubishi ni mkali zaidi. Wanaokataa kuyaita haki husema kwamba uhuru wa kusema hauhitaji fedha za mtu, kwani Serikali hutakiwa tu kukaa kando; ilhali maji lazima yachimbwe, yasafishwe na kusafirishwa kwa gharama ya mlipa kodi. Hoja hii huvutia mpaka pale unapouliza kesi ya haki inagharimu kiasi gani. Mahakama zina majaji, makarani, magari na majengo. Polisi wana mishahara. Uchaguzi unatumia mabilioni ya shilingi. Hakuna anayesema kwamba haki ya kupiga kura si haki kwa kuwa masanduku yanagharimu fedha. Kwa hiyo gharama haiwezi kuwa ndiyo mpaka kati ya haki na hisani. Isitoshe, mtu anayetembea alfajiri hadi usiku akitafuta maji na unga hana nafasi ya kuutumia huo uhuru mwingine. Hata hivyo nakubali tofauti moja ya kweli, nayo ni ya kipimo. Kutotesa kunaweza kutimizwa leo hii na kila serikali, tajiri au maskini. Kufikisha maji safi kwa kila boma kutoka Mau Narok hadi Mbita hakuwezi kutimizwa leo.

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ililikwepa tatizo hilo kwa kutoyataja mahitaji haya miongoni mwa haki, ingawa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 lilikuwa tayari limekitaja kiwango cha maisha bora kinachojumuisha chakula, mavazi, makao na matibabu, na ingawa Kenya yenyewe ilijiunga mwaka 1972 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Katiba ya 2010 iliamua kulikabili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, ya makao yanayofaa, ya kutokuwa na njaa, ya maji safi na salama ya kutosha, ya hifadhi ya jamii na ya elimu. Kifungu cha 21 kinaiagiza Serikali ichukue hatua za kuzitimiza hatua kwa hatua. Wanasiasa hupenda kuishia kwenye maneno hayo, "hatua kwa hatua", kana kwamba yana maana ya "tutaona". Hawasomi Kifungu cha 20, kinachosema kwamba Serikali ikidai haina rasilimali, ni jukumu lake yenyewe kuthibitisha kwamba hazipo, na kwamba katika kugawa zilizopo sharti ihakikishe kwamba haki inawafikia watu wengi iwezekanavyo, ikizingatia hali ya walio dhaifu.

Hapo ndipo naliona jibu la swali lako la msingi. Haki ya aina hii hufanana na deni: mdaiwa asipokuwa na fedha leo, deni halijafutika, bali yeye ndiye anayepaswa kueleza kwa nini hajalipa, analipa lini, na anaanza na nani. Kisichoweza kuondolewa ni nafasi ya mwananchi ya kuwa mdai. Wakenya tumezoea kupaza sauti mbele ya kamera tukisema "serikali saidia", na utani huo una uchungu wake, kwa maana anayeomba msaada hawezi kumdai yeyote maelezo.

Mahakama zetu zimeanza kudai maelezo hayo. Mwaka 2013 mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma, akatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake za afya na heshima zilikiukwa, na ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Katika kesi ya kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ambacho kilibomolewa Novemba 2011, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 11 Januari 2021 kwamba watu wasio na ardhi wanaojenga makao katika ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Wale waliobomolewa walikuwa wamengoja zaidi ya miaka tisa kusikia hayo, na sitakuficha kwamba ucheleweshaji wa namna hiyo ndio udhaifu mkubwa wa haki hizi nchini mwetu.

Pia mahakama hazitoi kila kinachoombwa. Mwaka 1997 Mahakama ya Kikatiba ya Afrika Kusini ilikataa kuiamuru hospitali ya umma imsafishe damu kwa mashine mgonjwa wa figo aliyekuwa mahututi, kwa sababu mashine zilikuwa chache na utaratibu wa kuchagua wagonjwa ulikuwa wa haki. Uamuzi huo unahuzunisha, lakini nauona kuwa sahihi. Haki yake ilikuwa ni kuhesabiwa sawa na wengine na kupewa sababu, na alivipata vyote viwili.

Tugeukie maji yenyewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimizwe. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba tuliojiunga nao mwaka 1972 ilieleza mwaka 2002 kwamba maji yanaweza kukatwa kwa kutolipwa, lakini baada ya mtu kuarifiwa mapema, kupewa taarifa kamili na njia ya kulalamika, na baada ya uwezo wake wa kulipa kuzingatiwa. Na kwamba kwa hali yoyote ile mtu asinyimwe kile kiwango cha chini kabisa cha maji. Nchi zimelitekeleza wazo hilo kwa njia tofauti. Uingereza na Wales zilipiga marufuku mwaka 1999 kukata maji ya nyumba za watu kwa sababu ya deni. Kampuni hudai fedha zake mahakamani kama mdai mwingine yeyote. Afrika Kusini ilichagua kutoa kiasi fulani bila malipo, na mwaka 2009 wakazi wa Phiri, Soweto, waliposhtaki kwamba lita 25 kwa mtu kwa siku hazitoshi, Mahakama ya Kikatiba ilikataa kuweka kiwango kingine, ikisema kwamba hiyo si kazi ya majaji. Mahakama zetu zingeweza kusema vivyo hivyo, kwa kuwa Kifungu cha 20 kinawazuia majaji kubatilisha mgao wa rasilimali kwa sababu tu wao wangegawa vingine.

Mimi sipingi bili. Kampuni ya maji isiyolipwa hushindwa kununua dawa na kulipia umeme wa pampu, na wanaoumia kwanza ni wa mitaa ya mwisho wa bomba. Ila naomba tuwe wakweli kuhusu nani hukatiwa na nini hutokea baadaye. Wewe unajua kuliko mimi kwamba katika ploti nyingi za Kaptembwa mita ni moja na familia ni kumi au kumi na tano. Mpangaji hulipa kodi yenye maji ndani yake. Mwenye nyumba halipi bili. Unakuja na spana yako, na wanaolala bila maji ni watu ambao hawakudaiwa hata senti. Kifungu cha 24 kinauliza kama ipo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile, na hapa ipo: mdaiwa ana jina, ana jengo na ana kodi inayoingia kila mwezi, kwa hiyo anaweza kushtakiwa. Sioni jinsi kukatwa kwa maji ya ploti nzima kwa deni la mtu asiyeishi humo kunavyoweza kuitwa kitendo cha busara, na ningefurahi kuiona kesi ya namna hiyo mbele ya Mahakama Kuu ya Nakuru.

Wapangaji hao hawaachi kunywa maji. Huenda kwenye kioski au kwa mwenye mkokoteni. Tuseme mtungi wa lita 20 ni shilingi 5 tu. Uniti moja ya lita 1,000 ni mitungi 50, yaani shilingi 250, kabla ya kuhesabu muda wa foleni na mgongo wa aliyebeba. Mkokoteni ukiuza kwa shilingi 20, uniti hiyo inafika shilingi 1,000. Hivyo yule anayesemekana hana uwezo wa kulipia maji ya bomba ndiye anayelipia maji ya bei ghali zaidi mjini.

Tena usisahau lile neno "salama". Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwamo, yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa kikomo. Ni maji meupe yasiyo na harufu, nayo hubadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia na, yakizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. Yanaweza kupunguzwa floraidi kwa kuchujwa kupitia makaa ya mifupa, kazi ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanya kwa miaka mingi. Kwa hiyo mfereji unaotoa maji si ushahidi kwamba haki imetimizwa, na ripoti zinazohesabu idadi ya visima vilivyozinduliwa bila kupima kilichomo hazijibu swali la Katiba.

Watoto wana nafasi ya pekee. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, makao na huduma ya afya, na lile agizo la "hatua kwa hatua" halikihusu, kwani Kifungu cha 21 kinalifungamanisha na Kifungu cha 43 peke yake. Kwa maoni yangu, nyumba yenye mtoto mchanga haiwezi kukatiwa maji bila mtu kujiuliza mtoto huyo ataoshwa na kupikiwa kwa maji gani jioni ile.

Nimalizie na hofu yako binafsi. Kifungu cha 20 kinasema kwamba haki hizi zinazifunga taasisi zote za Serikali na watu wote, na wewe umo katika hao watu wote. Lakini anayetekeleza agizo halali, baada ya ilani kutolewa, hawezi kulaumiwa kama aliyetoa agizo bila ilani. Kifungu cha 47 na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 vinamtaka yule anayechukua uamuzi wa kumuumiza mtu amwarifu na ampe sababu. Kwa hiyo kabla ya kugusa mita, mwombe aliyekutuma nakala ya ilani na uangalie imeelekezwa kwa nani na tarehe gani. Ukifika ukakuta kwamba aliyeandikiwa si anayeishi pale, rudi na uliandike jambo hilo katika karatasi yako ya kazi, uweke na nakala yako mwenyewe.

Na mpangaji akikuuliza afanye nini, mwambie kwamba Kifungu cha 22 kinamruhusu kwenda Mahakama Kuu kwa niaba yake au ya ploti nzima, kwamba hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo, na kwamba mahakama inaweza kuipokea hata barua ya kawaida ikihitajika. Aanze kwa kulalamika kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe, kisha kwa Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, akiambatisha risiti za kodi, picha ya mita na tarehe ambayo maji yalikatika.